Liemba: Meli ya Vita Iliyogeuzwa Chombo cha Wananchi

Katika toleo hili tumeonelea vyema kuwaeleza habari za meli ya Liemba. Sisi tunaokaa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika tunaifahamu meli hii kama tunavyomfahamu jirani wa ng'ambo. Bandari yake ni Kigoma, nchini Tanzania, lakini honi yake imesikika pwani nyingi za ziwa hili, na wako ndugu zetu maelfu kwa maelfu waliorudi nyumbani wakiwa juu ya sitaha yake. Wengi husema kwamba ni meli kuukuu ya Wajerumani, basi, wakaishia hapo. Lakini chombo kilichojengwa mwaka 1913 kwa ajili ya mabeberu, kikazamishwa kwa makusudi, kikaibuliwa, kikazama tena, kikaibuliwa tena, kisha kikafanya kazi miaka tisini na zaidi, kina mambo mengi ya kumfundisha mtu anayeshika spana au nyundo kila siku.

Katika vitabu vingi habari hizi ni habari za manahodha na magavana. Sisi tutazieleza kwa upande wa kazi: nani alifunga, nani alifungua, nani alipaka grisi, nani alipiga pampu.

MASANDUKU ELFU TANO

Meli hii ilijengwa katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Goetzen. Yafaa tukumbushane Goetzen huyo ni nani. Alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, na ni katika utawala wake ambapo Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika mashamba ya pamba ya kulazimishwa, vilizimwa kwa bunduki na kwa kuchoma moto vyakula vya watu. Wakulima waliokufa kwa risasi na kwa njaa ni makumi ya maelfu. Jina la mtu huyo ndilo lililochorwa ubavuni mwa meli ya kupita mbele ya vijiji vya Waafrika.

Meli yenye urefu wa karibu mita 70 na upana wa mita 10 haiwezi kupita njia ya gari moshi. Kwa hiyo ilipokwisha kuundwa Papenburg ilifunguliwa tena, vipande vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, masanduku yakapakiwa katika meli za bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo yakaenda Kigoma kwa reli mpya, ambayo ilifika ziwani mwanzoni mwa mwaka 1914. Pamoja na masanduku hayo walikuja mafundi watatu wa karakana, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina ya hao watatu yamehifadhiwa vizuri. Majina ya vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliounganisha meli pamoja nao pale Kigoma ni shida kuyapata katika kitabu chochote.

Lakini kazi yenyewe tunaijua, na hapa tungependa tukae kidogo. Siku hizo mabamba ya chuma hayakuunganishwa kwa kuchomelea bali kwa ribiti. Ribiti ni msumari mnene wa chuma wenye kichwa upande mmoja. Fundi wa kwanza huutia katika moto mpaka uwe mwekundu. Wa pili huuchukua kwa koleo na kuupenyeza katika tundu linalopita mabamba mawili. Wa tatu husimama ndani akiegemeza chuma kizito juu ya kichwa cha msumari ili usirudi nyuma. Wa nne, na mara nyingi wa tano, hupiga nyundo kwa zamu kutoka nje mpaka ncha iwe kichwa cha pili. Msumari unapopoa hujikaza na kuyavuta mabamba yabanane hata maji yasipate pa kupita. Katika meli ya ukubwa huu kazi hiyo hurudiwa mara maelfu kwa maelfu, chini ya jua, ndani ya sanduku la chuma linalonguruma kama ngoma. Mafundi wengi wa ribiti na wa boila, popote duniani, walizeeka wakiwa hawasikii vizuri, nao siku hizo hawakulipwa fidia yoyote kwa masikio yao. Kila mtu aliyepanda Liemba baada ya hapo alisimama juu ya vichwa vya misumari iliyopigwa na watu hao.

Meli ilishuka majini tarehe 5 Februari 1915. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha kuanza, na chombo kilichokusudiwa kubeba abiria na mizigo kikatiwa mizinga. Mmoja ulitoka katika manowari ya Königsberg, ambayo ilizamia katika mlango wa mto Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa na kusambazwa bara. Basi Goetzen ikawa ndiyo meli kubwa kuliko zote ziwani, na Wajerumani wakawa mabwana wa maji kutoka Bujumbura mpaka Kasanga.

MASHUA MBILI ZILIZOPITA KATANGA KWA MIGUU

Hapa habari inaingia upande wetu. Waingereza hawakuwa na manowari ziwani wala njia ya kuileta. Walichofanya ni kuchukua mashua mbili za injini za petroli, zenye urefu wa futi 40 tu kila moja, wakaziita Mimi na Toutou, wakazisafirisha kwa bahari mpaka Cape Town, na kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga. Wafanyakazi wa migodi ya Fungurume, mnaosoma gazeti hili, jueni kwamba katika mwezi wa Agosti 1915 njia ya reli iliishia kwenu. Kutoka hapo mpaka Sankisia, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kuvuka nyanda za juu za Mitumba, mashua zilikokotwa nchi kavu.

Vitabu vya Kiingereza hupenda kumsifu mkuu wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, na vituko vyake. Nasi hatukatai kwamba alifika. Lakini mashua hazikupanda mlima kwa vituko. Kulikuwa na magari mawili ya mvuke ya kukokotea, makundi ya ng'ombe, na mamia ya vibarua waliofyeka msitu, wakavunja mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja ya magogo katika vijito na makorongo. Inasimuliwa kwamba mahali pamoja magari ya mvuke yaliishiwa maji, na wanawake wa vijiji vya karibu ndio waliobeba maji kwa vibuyu, maili nyingi, ili mashine ziweze kuendelea. Mashine iliyotengenezwa Ulaya ilikata kiu kwa maji ya kichwani kwa mama wa Katanga. Baada ya hapo zikaja reli nyingine, safari ya mto Lualaba, na reli tena mpaka mahali panapoitwa Kalemie leo.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo mbili ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ya pili, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Goetzen ilipotokea baadaye Spicer-Simson aliona heri asiiguse. Mwezi Juni mwaka huo ndege za Wabelgiji, za aina ya kutua majini, ziliruka kutoka upande wa Kongo na kuitupia mabomu Kigoma. Wakati huohuo majeshi ya Wabelgiji, yaani askari wa Kongo na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kongo, yalikuwa yakisogea kuelekea reli. Mzinga mkubwa wa Goetzen ulikwisha kuondolewa kupelekwa penye mapigano, na mahali pake wakaweka mti uliochongwa mfano wa mzinga ili kumdanganya adui.

GRISI

Mwisho wa Julai 1916 Wajerumani waliamua kuuacha mji wa Kigoma. Amri ikatolewa kwamba meli izamishwe isiingie mikononi mwa adui. Kwa kawaida amri ya namna hiyo hutekelezwa kwa baruti, na meli huishia hapo. Mafundi wale watatu hawakupenda kufanya hivyo. Walikuwa wameifunga wenyewe sanduku baada ya sanduku. Pengine pia walitumaini kwamba Ujerumani ingeshinda vita na wao wangerudi kuichukua. Hatuna haja ya kuwafanya watu wema kuliko walivyokuwa, maana walikuwa mafundi wa serikali ya kikoloni katika vita vya wakoloni. Ila walichokifanya ni kazi ya fundi hasa.

Walipaka grisi nzito kila mahali penye chuma kilichosuguliwa: silinda, fito, mashikio, fani za shafti. Kila fundi mitambo anajua kwa nini. Chuma hakili kutu kwa sababu ya uzee. Hula kutu pale maji na hewa vinapokutana juu yake. Grisi nzito hukataa maji, na chini yake chuma hukaa kama kimefungwa ndani ya chupa. Kisha meli ikajazwa mchanga, ikapelekwa karibu na mlango wa mto Malagarasi, na tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa polepole katika kina cha kama mita 20. Ziwa Tanganyika lina mahali penye kina cha zaidi ya mita 1,400. Wangetaka kuipoteza kabisa, safari fupi tu ingetosha. Walichagua mahali ambapo mpiga mbizi anafika. Jambo lingine lililosaidia ni kwamba maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya bahari. Meli iliyozama baharini miaka minane ingekuwa imeliwa vibaya zaidi.

Baada ya vita Wabelgiji, ambao ndio walioiteka Kigoma, waliipata meli, wakaiopoa kwa taabu na kuivuta mpaka bandarini. Mwaka 1920 dhoruba ikapiga, nayo ikazama mara ya pili, safari hii ikiwa imefungwa hapo hapo gatini. Anayelijua ziwa hili hatashangaa. Upepo wa kusi unapotoka chini Mpulungu na kusafiri juu ya maji kilomita mia sita bila kizuizi, mawimbi yanayofika huku si ya ziwa tena.

Kigoma ilipopita mikononi mwa Waingereza, wao nao waliamua kujaribu. Tarehe 16 Machi 1924 meli iliibuka tena juu ya maji. Kazi ya kuopoa meli, kwa wasioijua, si kuifunga kamba na kuivuta. Chombo cha mamia ya tani kilichojaa tope na mchanga kinashikwa na ardhi kama jino linavyoshikwa na ufizi. Kwanza wapiga mbizi hushuka kuziba matundu. Tope hunyonywa au hutolewa kwa ndoo. Kamba na minyororo hupitishwa chini ya mkuku na kufungwa katika matangi yaliyojazwa maji; halafu maji ya matangi hupigwa pampu nje, matangi huelea, na yanapoelea huinyanyua meli shubiri kwa shubiri. Akikosea mmoja katika kupima, upande mmoja unatangulia na yote yanarudi chini.

Walipozifungua injini waliona kwamba grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Injini na boila zilifaa kutumika. Ilichukua miaka mitatu zaidi kusafisha, kubadilisha yaliyooza na kuunda upya sehemu za juu, na tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini. Haikuwa na mzinga tena. Haikuwa na jina la Goetzen tena. Iliitwa Liemba, jina ambalo Livingstone aliwahi kulisikia kwa watu wa kusini kuwa ni jina la ziwa lenyewe. Sisi kwa maoni yetu hilo ndilo jambo moja la maana walilolifanya Waingereza juu ya meli hii bila kulipwa.

KUTOKA MVUKE KWENDA DIZELI

Tangu hapo Liemba imekuwa mali ya mashirika ya reli yaliyofuatana: Reli ya Tanganyika, kisha Reli na Bandari za Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948, kisha Shirika la Reli Tanzania mwaka 1977, na baadaye kampuni ya serikali ya huduma za meli iliyoundwa mwaka 1997. Ilikuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu nchini Zambia na kurudi, ikisimama mahali kama Lagosa, Karema, Kipili, Kirando na Kasanga. Sehemu nyingi katika hizo hazikuwa na gati. Meli ilitia nanga nje, na mitumbwi ilikuja mbio kutoka ufukweni ikishindana kufika mlangoni kwanza. Hapo yalipandishwa magunia ya dagaa, mananasi, mahindi, mbuzi, wagonjwa, watoto wa shule na bibi arusi, na ilishushwa sabuni, chumvi, nguo na mabati, yote katika muda wa saa moja au mbili, mara nyingi usiku wa manane. Mabaharia waliosimama mlangoni wakinyoosha mikono kumpokea mama mwenye mtoto mgongoni huku mtumbwi ukipanda na kushuka walifanya kazi ambayo hakuna mashine ya kuifanya.

Injini za mvuke ziliendelea kuiendesha mpaka miaka ya 1970. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1979 ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Hapa tunataka kusema neno kwa ndugu zetu wa viwandani, ambao wameyaona mambo haya mahali pengi. Meli ya mvuke huhitaji watu wa kuchochea moto zamu kwa zamu, usiku na mchana, katika joto ambalo nguo hazikai mwilini. Injini ya dizeli haiwahitaji. Hatuwezi kuulilia ule moto, maana uliwamaliza watu vifua. Lakini mfanyakazi aliyeutunza moto miaka ishirini anao ujuzi wa mashine, masikio ya mashine na pua ya mashine, na mahali panapoongozwa vizuri hufundishwa mtambo mpya kabla ya kuletewa karatasi ya kuondoka. Chama kinachongoja mpaka injini mpya ziwe zimeshuka gatini ndipo kiulize wachochea moto watakwenda wapi, kimechelewa.

Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, meli ilifanyiwa matengenezo makubwa mara nyingine. Iliwekwa injini mpya na sehemu za abiria zikatengenezwa upya. Baada ya hapo iliweza kuchukua abiria wapatao 600 na mizigo ya tani 200.

YA ASILI NI IPI?

Wako wataalamu wanaosema kwamba Liemba ya dizeli si meli ya asili tena, na kwamba ingalikuwa bora kurudishiwa mvuke. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana kuna mahali imefanywa kwa uaminifu mkubwa. Mfano mmoja uko New Orleans, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda cha Andrew Higgins mjini humo kilijenga mashua za vita za mbao ziendazo kasi, zenye injini tatu za petroli na makombora ya majini. Mojawapo, yenye namba PT-305, ilipigana katika bahari ya Mediteranea. Baada ya vita iliuzwa, ikawa ya watalii, kisha ya wavuvi wa chaza, na wenyewe waliikata nyuma futi kadhaa ili iwe fupi na kukwepa kanuni za kuajiri mabaharia. Tazameni ubepari: chombo kinakatwa kwa msumeno ili watu wachache waajiriwe! Mwaka 2007 jumba la makumbusho la vita la mji huo liliichukua. Wafanyakazi wa kujitolea, wengi wao wazee waliokwisha kustaafu, walifanya kazi kwa miaka kumi, saa zaidi ya 100,000, wakajenga upya sehemu iliyokatwa, wakatafuta injini za aina ile ile, wakafuata michoro ya kiwandani mpaka kila skrubu. Mwaka 2017 ikachukua watalii ziwani kama ilivyotoka kwa Higgins.

Tutaje kwa kupita kwamba kiwanda hicho cha Higgins, katika mji wa ubaguzi wa rangi, kiliajiri weusi na weupe, wanaume na wanawake, na kulipa mshahara sawa kwa kazi sawa. Serikali ilihitaji mashua upesi, na mikono ikawa haba. Lakini jambo lenyewe lilitendeka, na vyama vinaweza kulitaja.

Basi kwa PT-305 neno asili lina maana yake. Mashua ile ilirudishwa ili ionekane ilivyokuwa siku ya vita, na waliofanya kazi hiyo tunawavulia kofia. Liemba si hali hiyo. Kama tungeirudisha katika asili yake kamili tungepaswa kurudisha mzinga, na jina la Goetzen. Nani anaitaka? Asili ya Liemba tunayoitambua sisi ni umbo lake, yale mabamba na zile ribiti za Kigoma, na kazi yake ya kuchukua watu na mizigo. Injini ni kama moyo wa kupandikizwa: ukipiga, mtu ni yule yule.

Tunasema hivi kwa sababu tumeiona kazi hiyo kwa macho yetu wakati wa shida. Mwaka 1997, baada ya vita vilivyomwondoa Mobutu, Liemba ilitumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi kuwarudisha Wakongo kutoka Kigoma mpaka Uvira. Watu zaidi ya 75,000 walivuka kwa meli hiyo. Ndani ya idadi hiyo walikuwamo wakulima, wavuvi, walimu, na wafanyakazi wa mashamba ya miwa na wa pamba wa upande wetu, kila mmoja na kifurushi chake. Mwaka 2015 ikawa zamu ya ndugu zetu wa Burundi. Makumi ya maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, ambako hakuna barabara ya gari, na kipindupindu kilikuwa kimeanza kuua. Liemba haikuweza kusogea ufukweni. Ilitia nanga nje, mitumbwi ikawapeleka watu ubavuni, na ikawachukua kama 600 kwa kila safari kwenda Kigoma, siku baada ya siku. Meli iliyojengwa ili kuwatisha watu wa ziwa ndiyo iliyowatoa katika kipindupindu, ikiwa na umri wa miaka mia moja.

HIVI KARIBUNI

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ilisimama Kigoma kwa uchakavu. Kusimama kwa meli hii si jambo la Watanzania peke yao. Mama anayeuza dagaa huku kwetu alihisi, na mkulima wa Kirando ambaye hana barabara ya kufaa wakati wa masika alihisi zaidi. Watu walirudi katika maboti ya mbao yenye kujazwa kupita kiasi, na kila msimu wa upepo kuna wasiofika. Pamekuwapo mawazo ya kuifanya makumbusho, ama Tanzania ama hata kuirudisha Ujerumani. Kwa bahati njema hayakushinda. Katika miaka hii ya 2020 serikali ya Tanzania iliingia mkataba wa kuikarabati upya ili irudi majini kuchukua abiria na mizigo.

Kazi ya namna hiyo, kwa meli ya ribiti, ni ngumu kuliko kujenga mpya. Kila bamba hupigwa kwa nyundo ndogo na kusikilizwa. Bamba zima hulia kama kengele, bamba lililoliwa hulia kama debe. Siku hizi kuna chombo cha kupimia unene kwa sauti, lakini wazee wa karakana bado hupiga nyundo kwanza. Lililokwisha hukatwa, na hapo fundi hukutana na swali la kuunganisha chuma cha kuchomelea cha leo na chuma cha zamani ambacho hakikutengenezwa ili kichomelewe. Moto ukizidi, ribiti za jirani hulegea, na unapoziba tundu moja umefungua kumi. Fundi wa kuchomelea aliyezoea matrela na matangi hawezi kuingia humo na kufanya kama alivyozoea.

Kwa hiyo sisi tungependa kuona mambo mawili katika kazi hiyo. La kwanza, kila fundi wa kigeni anayeletwa awe na vijana wawili au watatu wa ziwani pembeni mwake, wenye mikataba ya mafunzo iliyoandikwa, si vibarua wa kushika taa tu, kwa kuwa baada ya miaka kumi na tano meli itahitaji matengenezo tena na wageni watakuwa wamekwenda. Vijana hao wanaweza kutoka Kigoma, na kwa mapatano mazuri ya vyama vyetu wanaweza kutoka Kalemie, Bujumbura na Mpulungu pia, maana kila bandari katika hizo ina meli zinazooza kwa kukosa mtu anayejua ribiti. La pili, orodha ya wafanyakazi wote, kuanzia mhandisi mpaka mfagia karakana, iandikwe katika bamba la shaba na kufungwa katika chumba cha injini. Gharama yake haifikii hata bei ya pipa moja la dizeli. Ingewekwa orodha hiyo Kigoma mwaka 1915, leo tungeweza kuwataja pamoja na Rüter, Tellmann na Wendt wale waliopiga nyundo kutoka nje na wale walioegemeza chuma kutoka ndani.